Gari Iliyoitwa Irudi

Mwanangu, siku ambayo baba yangu alikosa kuuza mtumbwi wake ningali naiona, ingawa macho haya sasa yanashindwa hata kutia uzi kwenye sindano. Nilikuwa msichana wa kunyoosha shingo, najijua ni mzuri, nimesimama kwenye mchanga wa ziwa, pale Kimanga, na beseni ya mama kichwani, imejaa ndagala, dagaa wetu. Mnunuzi alitoka upande wa Fizi, mwanaume mpole, kofia mkononi. Baba hakuanza na bei. Aliweka mkono juu ya mbao akaanza kutaja magonjwa.

Kwetu ilikuwa hivyo. Ukiuza mtumbwi uliokwisha kutumika, unataja magonjwa yake yote, mkono wako ukiwa juu yake, na mnunuzi hashiki kasia kabla hajakusikiliza mpaka mwisho. Hapa unavuja. Hapa uligonga jiwe, nikaziba. Upepo ukishuka kutoka milimani unainamia kushoto, usipange mizigo kule. Hayo mtu mwenye macho angeyaona mwenyewe. Lakini baba akataja na lingine. Chini kabisa, tumboni mwa mtumbwi, kulikuwa na ubao mmoja ambao fundi aliupigilia ungali mbichi. Kwa nje ulipakwa rangi, ukiuangalia unauona mzima. Ndani ulikuwa unaoza.

Yule mtu alikuna kichwa, akasema atarudi. Hakurudi. Mama alimwacha afike mbali kidogo, kisha akafungua mdomo wake, na mdomo wa mama yangu haukuwa mdogo.

"Baba Sifa, leo utatulisha nini? Ulimi wako? Niuchemshe na pilipili?"

Sifa ni mimi. Tulicheka wote, watoto na majirani. Baba hakucheka. Alikuwa anafuta mkono wake kwenye suruali, pole pole.

"Ule muntu iko na mama yake," alimwambia. "Siku moja miye na yule mama tutakutana njiani. Nitamusalimia na sura gani?"

Basi. Aliung'oa ule ubao, akatafuta mwingine, mtumbwi ukauzwa baadaye kwa mtu mwingine. Mimi nilisahau. Msichana wa kunyoosha shingo ana mengine ya kufikiri.

Niliolewa, nilizaa, nilizika mume. Mimi sikusoma sana, nilitoka shuleni mapema, lakini watoto wangu hawakulala na njaa. Uliza mtu yeyote sokoni ndagala isiyo na mchanga ni ya nani, atakuonyesha meza yangu. Kashindi ndiye alikuwa kitinda mimba wangu. Na kulikuwa na Bisimwa, mtoto wa dada yangu. Dada alikufa akimzaa, na Kashindi wangu alikuwa mchanga vilevile, kwa hiyo niliwanyonyesha pamoja, mmoja titi la kushoto, mwingine la kulia. Wakitaka kupigana walipigania palepale kifuani pangu. Ninakuambia haya ili ujue kwamba yule aliyeuza ni mwanangu na yule aliyenunua ni mwanangu.

Bisimwa alikuwa mtu wa mpakani, Kavimvira. Anavuka Bujumbura, anarudi na gari ndogo zilizotumika, zile zinazotoka mbali kwa meli, usukani upande wa kulia. Kashindi alitaka kufanya taksi. Bisimwa akamletea moja, nyeupe, safi, inanuka sabuni. Na alimtajia magonjwa, sitamsingizia. Mlango wa nyuma unafunguka kwa nje tu. Kioo hiki hakishuki mpaka ukivute kwa mkono. Asubuhi ikiwa baridi, gari inatetemeka kabla ya kushika gia. Breki zinalia. Mkanda wa abiria haukazi.

"Yaya, hii ni gari ao ni lopitali?" Kashindi alimuuliza kaka yake.

"Ni lopitali yenye kutembea. Utaugua na weye umeketi vizuri."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti natoa mawe kwenye maharage.

Kashindi hakuwa mtu wa kubeba watu ndani ya takataka. Alitengeneza yote yaliyotajwa. Alibadilisha pedi za breki, akatafuta mkanda mzima, akanunua mafuta mapya ya gia mpaka ule mtetemo ukakoma. Mimi nilimshonea kitambaa cha buluu cha kutandika nyuma, chini ya kioo, chenye maua pembeni, ili gari ya mwanangu ionekane kutoka mbali. Na kweli ilionekana.

Lilibaki jambo moja lisilotajwa. Bisimwa alilijua.

Ile asubuhi nilikuwa mezani pangu, soko limejaa. Lori la mihogo lilikuwa limesimama kando ya barabara. Pikipiki ilikatiza, gari ndogo nyuma yake ikapiga breki, na breki zilishika, mwanangu, zilishika vizuri, lakini nafasi ilikuwa imekwisha. Pua ya gari ikagusa matako ya lori. Pole pole, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Kisha tukasikia: paa!

Mahali pengine, mtu akigonga gari, watu wanakimbilia kumsaidia. Hapa Uvira mlio ule tumekwisha kuujua kwa jina lingine. Hakuna aliyeuliza. Soko zima lilijitupa chini. Milango ya maduka ilifungwa kwa mara moja, wamama walilalia watoto wao, beseni zikapinduka. Mimi na Mama Riziki, yule anayeuza mawese pembeni yangu, tulikuwa chini ya meza yangu, tumbo kwenye udongo, ndagala zinatuangukia kichwani.

"Sifa," alininong'oneza, "nikifia hapa, munioshe kwanza. Sitaki kufika kwa Mungu nikinuka ndagala yako."

"Ndagala yangu hainuki. Ni weye."

Tukacheka, tumeziba midomo kwa mikono. Mtu akikaa miaka mingi na vita anajifunza kucheka amelala. Tulingoja mlio wa pili. Kutoka pale chini niliona mbwa akipita katikati ya barabara, peke yake, kama ni yake. Niliona magurudumu ya lori, na nyuma yake magurudumu ya gari ndogo. Sikufikiri kitu. Gari ndogo ni nyingi.

Mlio wa pili haukuja. Watu wakaanza kuinua vichwa. Nilipotoka chini ya meza na kupangusa magoti, ndipo nikaona kile kitambaa cha buluu.

Taa za mbele zilikuwa nzima, zote. Ungesema gari imeegeshwa. Kashindi alikuwa amekaa wima, mikono yake miwili shingoni, na damu inapita katikati ya vidole. Alikuwa angali ananiangalia. Alikuwa ananiangalia na sisi wote tulikuwa tumelala chini tukiogopa risasi, na mimi nilikuwa nacheka na Mama Riziki, karibu naye kiasi cha kumrushia chungwa. Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia. Alikata roho kifuani pangu, palepale alipokuwa ananyonya.

Kule lopitali, hospitalini, walimtafutia risasi. Hawakuipata. Munganga, daktari wao, alitoka na kipande cha chuma kwenye kitambaa, chembamba, kimejikunja kama kipande cha kopo la maziwa.

"Mama, hii haiko risasi."

"Ni nini?"

"Imetoka ndani ya usukani. Kule munakuwa mufuko wa hewa, gari ikigonga unafura, unalinda kifua ya shofere. Hii ni kopo yenye kuufurisha. Imepasuka."

"Gari yake ndiyo imemupiga?"

Aliniwekea kile kipande mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake.

Tulikaa matanga. Siku ya watu wengi Bisimwa alikuja, akavua viatu, akafika mpaka kwenye mkeka wangu akitembea kwa magoti, mbele ya wote.

"Mama, niliambiwa."

Akasema mtu aliyemuuzia ile gari Bujumbura alimweleza wazi. Wale wenye kuitengeneza, huko mbali, walikwisha kutangaza kwamba gari za namna ile zote zirudi garaje. Zile kopo zinaharibika kwa joto na unyevu zikikaa miaka, na siku ya kufura zinapasuka vipande vipande. Wameziita zirudi, wanabadilisha. Kule zilikotoka, mwenye gari aliitwa. Lakini gari ikipita mikononi mwa mtu na mtu, ikavuka bahari na ziwa, ile sauti inabaki nyuma. Na Bujumbura kulikuwa na garaje inayobadilisha.

"Kwa bei gani?" Mama Riziki aliuliza.

"Bure," alisema Bisimwa.

Bure, mwanangu. Bujumbura, ambayo usiku tunaona taa zake juu ya maji.

"Nilizani ni woga ya watu ya mbali," alisema. "Gari ilikuwa inatembea muzuri. Tena nikisema, nani atanunua?"

Wanawake waliinuka wampige. Nikawaambia wamwache. Nilitaka kumchukia, sitakudanganya, nilimtafutia chuki kila mahali ndani yangu. Nikamwangalia nikamwona mdogo, mdomo wazi, kwenye titi la kulia. Hakutudanganya. Alinyamaza tu, na mwenzake akakaa mbele ya lile jambo kila siku akilishika kwa mikono miwili. Ndipo baba yangu alinirudia na mkono wake kwenye suruali. Yule mama wa njiani, aliyekuwa anaogopa kukutana naye, sasa ni mimi.

"Uliuza zingine za namna hii?" nilimuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Simama. Tuende."

Kwetu mama aliyefiwa haondoki mkekani mpaka matanga yaondolewe. Walinishika kanga, walilia: "Sifa, utaleta mukosi!" Nikawajibu mkosi umekwisha kufika, umekaa hapa pamoja nasi, unakula bugali. Nilifunga kile kipande cha chuma kwenye pindo la kitenge changu, nikatoka bila viatu.

Wa kwanza tulimkuta Kavimvira anaosha gari yake. Alituona, mwanamke wa matanga na kijana aliyevimba macho, akacheka.

"Bibi koko, gari yangu haina hata kikohozi."

Nilifungua pindo. Chuma kilikuwa kingali na alama ya damu ya Kashindi. Aliacha kucheka. Nikamwambia Bisimwa: "Weka mukono." Akaweka mkono juu ya gari, akataja ule ugonjwa kwa sauti, wote wasikie. Alikuwa analia, lakini alitaja. Yule mtu alivuka mpaka, akabadilishiwa, akaniletea sukari. Tulienda hivyo kwa kila mmoja. Wengine walitutukana kwanza. Wote mwishoni walikwenda.

Isipokuwa gari moja, ya rangi ya majivu. Bisimwa aliiuza kwa mtu wa kupandisha Rurambo, kule juu milimani, huyo akaiuza kwa mwingine, huyo mwingine hakuna anayemjua. Tumeuliza. Tunauliza. Ndiyo maana ukipita Kimanga utaniona naacha meza yangu na kukimbilia gari ndogo za rangi ya majivu, na haya magoti yangu. Mashofere wananiita mama kichaa. Waniite.

Sasa sikia, mwanangu, nikuambie wazi, maana mimi sijui kuzunguka. Ukinunua gari iliyotumika, usiishie kwenye breki na vioo na milango, hayo yanajitangaza yenyewe. Uliza kama iliitwa irudi. Ile namba iliyochongwa kwenye mwili wa gari, namba ya shasi, mpe mtu anayejua simu aitafute kwa wenye kuitengeneza, ao uipeleke gari garaje yao. Ukiona mbele ya usukani taa nyekundu yenye picha ya mtu amekaa na mpira mbele ya kifua, usiibandike karatasi, usimruhusu mtu akuambie ni taa tu. Na isipowaka, usitulie bado. Ya Kashindi haikuwaka hata mara moja. Na siku utakapouza, weka mkono wako juu ya kile unachouza, utaje yote, hasa lile ambalo jicho haliwezi kuona. Mnunuzi akiondoka, mwache aondoke. Utakula kidogo siku hiyo. Mimi nilikula kidogo siku ile ya mtumbwi, na bado niko hapa.

Na kama bibi mmoja anayenuka ndagala akisimama mbele ya gari yako, usiongeze mwendo. Shusha kioo, hata kama ni kwa kukivuta na mkono. Labda ni weye ninayekutafuta.

Mungu akulinde barabarani. Kila sauti yenye kukuita ikufikie mapema. Na yule uliyemuuzia kitu, Mungu akukutanishe na mama yake njiani, msalimiane vizuri, akuulize habari za watoto, kila mtu aendelee na safari yake.