Ubao wa Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, Vidole aliweka mikono juu ya meza ya jikoni, akafumba macho, akaiacha itulie yenyewe kama kuku anavyojipanga juu ya mayai. Ikishatulia, mama yake alimzungushia chaki kwenye ncha za vidole, huku akinung'unika kwamba meza za wenzake zinafutwa makombo, yake inafutwa chaki.

Jina hilo la Vidole alipachikwa kazini, kwa sababu ukimsalimu anakuitikia akitazama mkono wako. Alitengeneza makabati ya gemu: sanduku la plaiwudi kimo cha mtu, runinga kuukuu tumboni, na mbele yake ubao wenye kirungu cha kuongozea upande wa kushoto na vitufe vinne upande wa kulia. Wengine walipanga vitufe kwa rula, vikanyooka kama wanafunzi mstarini. Yeye alivipinda, kufuata zile alama za chaki.

"Kwani vidole vyenu vina urefu mmoja?" aliwauliza.

Karakana ilikuwa ya Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, fundi wa makabati ya nguo ambaye msumeno ulimla vidole viwili vya mkono wa kulia angali kijana. Ndiye aliyemfundisha kushika randa. Sasa Vidole alikuwa amepata chumba chake mtaa wa pili, chenye dirisha pana, lakini hakutaka kuondoka bila radhi za mzee. Na mzee alikuwa amezitia kufuli.

"Kabati la nguo linamzika mwenye nalo," alisema. "Hayo masanduku yako, mtu mzima gani atasimama ayachezee?"

"Wewe, Baba Mkubwa."

"Haya. Siku nitakaposimama kulicheza, chukua ile keekee yangu ya kutobolea, uende. Radhi utazikuta ndani ya boksi lake."

Mpiga vanishi, mama mmoja asiyejua kunong'ona, alicheka hadi brashi ikamdondoka. "Mwanangu, wewe zeekea hapa hapa. Nitakutengea kona."

Makabati matatu yalikamilika. Mara zote tatu mzee alisogea, akatazama vitufe, akatia mkono wa kulia mfukoni, akasema ana kazi. Vidole hakuelewa. Mikono ya watu wote aliitazama, ila huo mmoja alifunzwa na mama yake tangu utotoni asiukodolee macho. Ni adabu.

Ubao wa vitufe huchorwa kwa nyuma ili uso usichubuke, kwa hiyo mchoraji lazima akumbuke kwamba kushoto ya nyuma ndiyo kulia ya mbele. Jumanne moja, akibishana na mpiga vanishi kuhusu nani kamaliza sukari, Vidole aligeuza ubao, akasahau kugeuza akili. Alitoboa tundu la kirungu, akatazama upande wa mbele, akaduwaa. Limekaa kulia.

Baba Mkubwa alikuja na kikombe chake, akachungulia. "Hongera, fundi. Huo sasa atauchezea nani, kivuli chako kwenye kioo?"

Kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto. Vidole alikitazama kikombe. Kisha, mama amsamehe, akautazama ule wa kulia, kimoja kwa kimoja, vidole vyote vitatu vilivyobaki. Kirungu hakihitaji vitano.

"Baba Mkubwa, hebu nishikie ubao, unateleza. Kwa mkono wa kushoto."

"Leo nimekuwa jiliwa la kubania mbao?"

"Jiliwa halisemi. Legeza mkono, kama umelala."

Mzee akalegeza. Chaki ikazunguka ncha za vidole vinne.

"Unanichora nini?"

"Ulivyo."

Kesho yake mchana kabati lilisimama, limewashwa, na kigari chekundu kikisubiri barabarani ndani ya skrini. Baba Mkubwa alisogea. Mkono wa kulia ulianza safari ya mfukoni, ukasita njiani, ukashika kirungu. Wa kushoto ukatua juu ya vitufe, kila kidole kikakuta chake. Aligonga jiwe. Akaanza upya. Akagonga ng'ombe, akamtukana kwa heshima, akaanza tena.

"Mzee, gundi inaganda," alisema mpiga vanishi.

"Iache igande, ndiyo kazi yake."

Akaruka jiwe, akaruka ng'ombe. Bila kugeuka akauliza, "Hiki cha kidole kidogo, ulijuaje kinapotaka kukaa?"

"Ulinionyesha mwenyewe."

Mabega ya mzee yalikuwa yakicheka. Vidole alivua aproni, akaitundika, akaishusha keekee rafuni pamoja na boksi lake.

"Baba Mkubwa, basi mimi naenda."

Kigari kilikata kona, kikapona.

"Nenda, mwanangu. Nenda ukanipite. Na urudishie mlango, jua linanipiga kwenye skrini."

Mikono yote miwili ilikuwa imejaa, kwa hiyo aliusukuma mlango kwa kisigino, taratibu, asimharibie mzee mchezo. Akashika njia ya mtaa wa pili, na kwenye benchi lake la kazi katika karakana ile hakurudi tena.