Fundi wa Sauti Aliyekuwa Akingoja Garini

Habari ya kifo chake ilinikuta kwenye duka la vyakula hapa Burnsville, Marekani, nimeshika kabichi mkononi, simu ikaanza kutetema mfukoni kama iliyoshikwa na homa. Kikundi chetu cha simu, ambacho siku nyingine hupeleka picha za maua na matangazo ya magari yanayouzwa, kilikuwa kimejaa neno moja tu: pole. Fundi wetu wa kompyuta ameanguka kazini na hakuinuka tena. Niliiacha kabichi katikati ya sabuni, nikatoka bila kununua kitu. Msomaji wangu, unanijua. Nimeshaandika katika safu hii kwamba theluji ya Minnesota inaweza kumfukia twiga akiwa amesimama wima, na hujanidai ushahidi. Leo nitachekesha pale nitakapoweza tu, maana ninalotaka kusema limenikaa kooni tangu siku ya msiba.

Wengi wenu mlimjua. Mtanzania mrefu, mpole wa maneno, siku za kazi akihudumia wazee katika makao fulani huko Richfield, na Jumamosi zake zote akizigawa kwa kompyuta zetu. Alikusanya zile kompyuta za mezani zinazotupwa na maofisi, nzito kama mawe ya kusagia, akazifuta, akaziwekea Linux, akawapelekea watu wetu waliotoka Kongo ili waweze kuziona nyuso za ndugu waliobaki. Linux, kwa asiyeijua, ni mfumo wa kuendeshea kompyuta usiouzwa. Unapewa bure, lakini siku za mwanzo unakusumbua kama mkwe mwenye masharti. Mimi nilipewa mashine yangu, na kabla sijaizoea herufi zikafura ghafla zikawa kubwa kama mabango ya barabara kuu ya 35, neno moja likijaza skrini nzima, na sauti ikatoweka kabisa. Nilibonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Nilichomoa waya, nikaurudisha, nikausemesha. Hatimaye nikampigia.

Alikuja, akakaa, akanywa chai, akauliza habari za watoto mmoja mmoja, kisha ndipo akaigeukia mashine. Herufi alizirudisha umbo lake mara moja. Kwenye sauti alitabasamu.

"Kaka, sauti haijapotea. Imeenda kwenye televisheni."

"Televisheni gani? Si hiyo hapo, imezimwa tangu asubuhi!"

"Ndiyo maana husikii."

Akanionyesha ukurasa wa mpangilio wa sauti. Palikuwa na orodha fupi ya mahali sauti inapoweza kutokea: spika, hedifoni, televisheni iliyounganishwa kwa waya. Bonyeza hapa, inasikika mezani. Bonyeza pale, inakwenda kwenye televisheni, na kama televisheni haisemi, kompyuta nzima inakuwa bubu ingawa haina ugonjwa wowote. Ukurasa ule niliukariri kama nilivyokariri masomo ya shule ya jioni, mtu mzima na miwani yangu, nikaapa hautanishinda tena. Sikujua kwamba siku moja ungenifanya shahidi.

Siku ya msiba tulikusanyika nyumbani kwake Woodbury. Wanawake walikuwa ndani na mjane, sisi wanaume tumejazana gereji, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, chai inapita. Na kama ilivyo ada, sifa zilipokwisha, lawama zikaanza kuchungulia.

"Alikuwa mtu mzuri, sikatai," alisema mzee mmoja, Mkenya mwenzangu. "Lakini alikuwa na maringo. Kikao cha familia kwangu, ali-connect kila kitu, sauti safi, picha safi. Nikamwambia keti, kula. Akatoka, akakaa kwenye gari. Baridi ya kugandisha mate!"

"Hata kwangu," akadakia mwingine. "Anakaa hapo nje ana-warm gari mpaka mumalize. Ni kama hakutaka kukaa na sisi."

Vichwa vikatikisika. Nikaona maringo yale yatazikwa pamoja naye, yatakuwa ndiyo jina lake. Na mimi nilijua kwa nini alikaa garini. Nilikuwa nimelificha jambo hilo kwa sababu aliniomba, lakini marehemu hana tena haja ya siri inayomwaibisha. Nikasema.

Ilikuwa Jumamosi moja asubuhi, miaka kadhaa iliyopita, kwa familia moja ya Kongo kule Richfield. Binti wa nyumba, ambaye baba yake mzazi alikuwa amefariki, alikuwa amechumbiwa na muuguzi Mkenya. Baba yake mkubwa, ndiye aliyebaki mahali pa baba, alikuwa Uvira, huko Kongo, na alikuwa amekasirika: mchumba hajulikani, kwao hakujulikani, na yeye kaambiwa wa mwisho. Kikao kiliitishwa kwa simu ya video. Kila mtu chumbani alijua uzito wake. Katika familia ile, mzee akitamka mbele ya kikao kwamba wewe si mtoto wangu, hakuna wa kulifuta neno hilo, hata mama yako mzazi. Binti alikuwa amevaa kitenge kipya, amekaa mbele kabisa, mikono juu ya magoti.

Fundi alikuwa amepanga mambo vizuri. Picha kubwa ilikuwa kwenye televisheni mbele ya familia. Yeye alikaa pembeni na skrini ndogo yenye vitufe vyake, na mimi, niliyempeleka kwa gari langu, nilikuwa begani kwake. Sauti ilitoka kwenye spika mbili za mezani, kwa kuwa televisheni yenyewe ilikuwa kuukuu, spika zake zilishakufa zamani. Mzee wa Uvira alianza taratibu, akapanda, akapanda tena, mpaka spika zikawa zinakoroma. Kisha akamnyooshea binti kidole kilichojaa televisheni nzima, akasema, "Kuanzia leo, weye…"

Kimya. Mdomo unafunguka, unafungika, kidole kinatikisika, wala hakuna kitu.

"Mtandao!" mtu akapiga kelele.

Haukuwa mtandao. Nilikuwa nimeuona mkono wa fundi. Ukurasa ule ule, orodha ile ile: aliitoa sauti kwenye spika, akaipeleka kwenye televisheni isiyo na spika. Kisha mwanamume huyu, ambaye hajawahi kumdanganya hata mtoto, akaingia chini ya meza akaanza kukagua waya. Alitoka, akagusa mpangilio wa picha, mzee akatandazika akawa mpana kama kochi la watu wanne. Shangazi mmoja aliuma upindo wa kitenge asicheke. Na binti, kwa kuwa mzee bado alikuwa anatusikia sisi, alisogea karibu na kipaza sauti, akasema kwa adabu yote aliyofunzwa, "Pardon, baba mukubwa, hatusikie. Rudilia, tafazali." Mzee akarudia. "Pardon, baba, bado hatusikie." Akarudia tena. Iliendelea hivyo muda wa kuchemsha maharage, nikikuongezea chumvi kidogo. Fundi alipoirudisha sauti, mzee alikuwa amelegea kitini, anapangusa uso, akauliza tu, "Munanisikia?" Wakaitika wote. Akasema amechoka, wataongea siku nyingine. Wiki chache baadaye alituma neno kwamba arusi iendelee. Lile la siku ile hakulitaja tena mpaka akafa.

Tukiwa njiani kurudi nilimpongeza fundi mpaka nikaishiwa maneno. Yeye aliangalia dirishani.

"Kaka, na kama alikuwa anataka kumbariki?"

"Kwa uso ule?"

"Wazee wetu hubariki kwa uso huo huo. 'Kuanzia leo wewe ni mtoto wangu mimi.' Inawezekana, au haiwezekani?"

Nilipunguza mwendo wa gari. Akaniambia kwamba watu walimwita alete sauti, naye ameifanya kuwa mali yake, akaamua nani asikie nini. Hataweza kukaa tena kwenye kikao cha mtu, akasema, kwa kuwa mkono ulioonja mara moja utaonja tena. Tangu siku hiyo akiunganisha, akijaribu, sauti ikitoka, anaaga na kwenda garini. Ndiyo maringo yake hayo.

Nilimaliza, nikageuka kutafuta kikombe changu. Ndipo nilipomwona. Yule binti, sasa mama wa watoto, alikuwa amesimama kwenye mlango wa kuingilia jikoni na chupa ya chai mikononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Kaka," aliniambia, "unasema ni yeye aliikata?"

"Aliihamisha, dada."

"Miye nilijua ni Mungu." Aliiweka chupa chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka. "Mutoto wangu wa kwanza alipolazwa, nilijiuliza kama ni lile neno. Lakini nikasema hapana, Mungu alinyamazisha, basi si la kuuliza. Sasa unaniambia ni mutu?"

Nilitamani sakafu ya gereji inimeze. Nilikuwa nimesimama kumsafisha marehemu, kumbe nimemnyang'anya aliye hai kitu alichokuwa amekiegemea. Alitoka nje, na kupitia kidirisha tulimwona akitembea huku na huko kwenye theluji bila koti, simu sikioni. Alikuwa anampigia mjane wa baba yake mkubwa, mama aliyekuwa chumba kimoja na mzee siku ile, kule Uvira. Hakuna aliyenywa chai. Yule mzee aliyemlaumu fundi kwa maringo alikuwa ameinamisha kichwa.

Aliporudi, kope zake zilikuwa na barafu. Hakutuambia sisi. Alipita moja kwa moja mpaka kwa mjane wa fundi, akapiga magoti mbele yake, nasi tukajisogeza mlangoni.

"Mama mukubwa amesema baba mukubwa alinilaani," alisema. "Kuanzia leo weye si mutoto wa ndugu yangu, ndivyo alisema. Nikamuomba pardon, arudilie. Akasema tena. Nikamuomba tena. Mara ya mwisho alifungua kinywa, akashindwa. Alimwambia mama mukubwa, huyu mutoto ananiheshimu vile, mimi namulaani namna gani? Akatoka inje, akalia." Alishika mikono ya mjane. "Bwana yako hakuiba baraka, mama. Hakukuwa na baraka. Alinipatia nafasi ya kuomba pardon."

Mjane alimwinua, akamketisha kando yake. "Alikuwa akirudi mikono imekuwa barafu," alisema. "Namuuliza, mbona hukai ndani na watu? Ananiambia, ndani kuna joto sana. Usiku anageuka, anageuka. Kumbe ni hilo." Kisha akauliza, si kwa ukali, jambo ambalo limenifuata mpaka kwenye meza hii ninayoandikia: "Na huyo mama wa Uvira, kwa nini hakuna aliyemuuliza?"

Binti alijibu kwa sauti ndogo sana. "Nimemuuliza hivyo hivyo. Amesema alikuwa anangojea tumuulize."

Basi ndivyo tulivyo. Tumevuka bahari, tumejifunza ku-drive kwenye barafu, tumefundishana kuwasha kompyuta zilizokufa, lakini bado tuna mambo tuliyoyawekea uzio na kuyaita heshima. Binti hakumuuliza mama yake mkubwa kwa heshima. Mama mkubwa hakuanza kusema kwa heshima. Fundi hakuigusa tena habari ya familia ya watu kwa heshima, na mimi niliitunza siri yake kwa heshima pia. Jibu lilikuwa Uvira miaka yote, kwa mama mmoja ambaye angelitoa kwa furaha, na mtu mwema akaketi peke yake garini majira ya baridi baada ya majira ya baridi, akidhani amemnyima mtoto baraka ambayo haikuwapo. Sisemi alifanya vyema kuihamisha sauti ile. Nimelifikiria sana, na bado sijui kama ningetaka fundi mwenye huruma kama hiyo akae kwenye kikao changu. Ninajua tu kwamba alistahili kuambiwa, na sasa haambiki. Kwa hiyo, msomaji wangu, kama kuna swali unalolizunguka kwa adabu, na mwenye jibu yuko hai, muulize. Ikibidi akasirike, na akasirike. Mtu aliyekasirika bado anaweza kukujibu.