Makopo ya Mikanda ya Eusebio

Eusebio hakuwahi kumhimiza mtu atabasamu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, alipozunguka kwa baiskeli kutoka Nachingwea hadi Marambo na Mbekenyera, kamera yake kuukuu ikining'inia kifuani, watu walijipanga mbele yake wamekauka kama nguzo. Yeye alijifanya anafuta lenzi, huku akiuliza habari za ufuta na korosho. Mtu akishajisahau tu, ka! Mkanda ulikuwa adimu, kwa hiyo kila mtu alimpiga mara moja, na mara nyingi hiyo moja ilitosha.

Nyumbani alikuwa na chumba cha giza alichosafishia picha zake nyeusi na nyeupe. Mwenye picha akishachukua yake, Eusebio hakutupa mkanda. Aliukata vipande, akavifunga kwa karatasi na kuvitia kwenye makopo ya maziwa ya unga, pamoja na kifundo cha mchele uliokaangwa ili unywe unyevu. Kila kijiji kilikuwa na kopo lake. Masika yakiisha, alibadilisha mchele. Mkewe, Felomena, mama yake Ritha, alimtania kwamba katika nyumba ile mikanda ndiyo inayoshiba kwanza.

Kufika mwaka 2009, picha za rangi zilikuwa zimejaa mjini na wateja wake wamepotea. Asubuhi moja akapata wageni: Mwamina wa Mbekenyera na binti yake, Fauzia. Mwamina alifungua kitambaa akatoa picha. Karatasi ilikuwa imegeuka kahawia, na penye uso pamebaki doa la njano.

“Huyu marehemu Abdulkarimu, baba yake Fauzia,” alisema. “Niliogopa mchwa, Baba Ritha. Nikamwaga salfa sandukuni.”

Eusebio aliinusa. Ilikuwa ileile salfa ya kupulizia mikorosho. Ilikuwa imewafukuza mchwa kweli, lakini picha ikaila yenyewe, polepole.

“Mwezi huu naolewa Kilimarondo,” alisema Fauzia. “Baba alikufa mimi nanyonya. Wakwe wakiniuliza alikuwaje, nitasema nini? Hata mimi sura yake siijui, naijua ya picha hiyo tu.”

“Hakuna nyingine?”

“Ndiyo hiyo hiyo,” Mwamina akajibu, macho chini.

Eusebio akaleta kopo la Mbekenyera. Mfuniko ulikuwa na kutu, akaubandua kwa kijiko. Kama unyevu ulikuwa umeingia, mikanda ingekuwa imegandana yote. Akavuta kipande kimoja. Kikaachia. Akakiinua dirishani, kisha kingine na kingine.

Fauzia alichungulia akarudi nyuma. “Mama, majini haya! Sura nyeupe, nywele kama majivu!”

“Watu wa kwenu hao,” alicheka Eusebio. “Kwenye mkanda sote tunageuka, cheusi kinakuwa cheupe.”

Eusebio alimtambua Abdulkarimu kwa koti. Lilikuwa la kuazima, na mikono yake ilimfunika hadi vidole.

Wakajibana wote watatu chumba cha giza, chini ya taa nyekundu. Eusebio alitoa karatasi yake moja kati ya chache zilizosalia, akaimulika kupitia kipande kile cha mkanda, akaizamisha kwenye beseni la dawa. Likatokea koti. Kisha kola. Kisha uso.

Fauzia aliinamia beseni. Akajishika paji la uso, kwa maana lile la kwenye beseni lilikuwa lake.

Pembeni mwa picha akatokea mtu mwingine: msichana ameshika baiskeli, kinywa wazi kwa kicheko.

“Kumbe nilikuwamo!” Mwamina akapaza sauti.

“Ulikuwamo, mama Fauzia. Marehemu aliagiza picha ya peke yake, basi pembeni nikakata.”

“Aliniambia nimshikie baiskeli, nisicheke. Na lile koti, ningeachaje?” Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akamtania Eusebio: “Nyie Wamakua nyie, hamtupi kitu!”

“Nikukate tena?”

“Thubutu!” akajibu Fauzia badala ya mama yake. “Nawachukua wote wawili.”

Picha ilipokauka, Eusebio akamfungia Fauzia pamoja na kifundo kipya cha mchele, bado una joto la kikaango.

“Hiki ndicho cha kuweka sandukuni. Salfa iachieni mikorosho.”

“Sawa,” alisema Mwamina, “ila mwambie huyu bibi harusi asije akawapikia wakwe huo mchele.”