Mchanga wa Kwa Masudi

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu, nikalijibu vibaya. Asubuhi ile nilikuwa nimeshuka kwenye treni ya kutoka Tabora, sanduku la bati mkononi, gauni limekunjamana, nikaenda moja kwa moja kuripoti kwa Bwana Samaki wa Wilaya. Hicho ni cheo, kama bwana shamba: ndiye mkuu wa uvuvi katika wilaya yetu ya kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Aliisoma barua yangu ya ajira mpaka kwenye muhuri, kisha akaniuliza, "Umeshawahi kuona ufukwe?"

"Nimeona bwawa la Igombe," nikamjibu.

Ofisi nzima ilicheka, hata mhudumu aliyekuwa anamimina chai. Mimi ni mtoto wa Chemchem, Tabora mjini. Baba yangu alikuwa fundi viatu, na maji makubwa niliyoyajua ni yale ya bwawa. Toka siku hiyo wakaniita Bibi Samaki, jina lililonizeesha nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilinuna wiki nzima, kisha nikalizoea.

Vijana wa leo wana simu za kuwaonyesha kila kitu. Sisi tulikuwa na kamba yenye jiwe nchani na fundo kila mita, ambayo ndiyo iliyopima kina cha maji. Tulikuwa na buku la kumbukumbu, na tulikuwa na miguu. Kazi kubwa ilikuwa kukagua mialo. Mwalo ni mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kushushwa, na kwetu ulikuwa pia uwanja wa kuanikia dagaa. Wavuvi walirudi asubuhi, wanawake wakawapokea dagaa wabichi, wakawamwaga chini na kuwatandaza kwa fagio laini, na kufikia adhuhuri jua likiwa kali walikuwa wamekauka. Dagaa hao ndio waliopanda treni kwenda Tabora, njia ile ile waliyoipita wapagazi wa zamani wakiwa na mizigo kichwani. Nilikuwa nimewala maisha yangu yote bila kuuliza walikaukia wapi.

Mwaka wangu wa pili maji ya ziwa yalipanda, yakaumeza mwalo wa akina mama wa kijiji kimoja kusini mwa Ujiji. Wilaya ikaamua kuwajengea mwalo mpya: banda, choo, na barabara ya gari. Banda lilikuwa moja tu, kwa hiyo lilitakiwa lijengwe mahali pasipo na majuto. Bwana Samaki akanikabidhi kazi hiyo. "Tembea pwani yote, kutoka rasi hii hadi ile," alisema. "Niletee ufukwe mmoja. Usiniletee miwili."

Nilitembea siku nne. Niliona fukwe saba, na ule wa tano ukanipokonya akili. Wenyeji wanapaita Kwa Masudi. Mchanga wake ni mweupe, laini kama unga wa muhogo, umejipinda kati ya majabali mawili, na maji yake ni maangavu, hata yakikufika kiunoni unaona miguu yako. Nilivua viatu bila kujijua. Fomu yangu ilikuwa na mistari ya kina, mteremko, upepo na barabara, na Kwa Masudi ilifaulu yote. Mstari wa mchanga haukuwepo. Nani angefikiri kuuliza habari za mchanga ufukweni?

Kwa kufuata taratibu nilimwendea Bi Hidaya, kiongozi wa waanikaji. Alikuwa mama mnene wa kiuno, mwepesi wa mikono, na wenzake walimsikiliza kuliko mwenyekiti wa kijiji. Alinipikia ugali na mgebuka, samaki wa ziwa lile, akaninawisha mikono. Nilipomeza tonge la mwisho nikamuuliza, "Bi Hidaya, Kwa Masudi panafaa?"

Alinitazama kidogo. "Pazuri sana, mwanangu."

"Panafaa kwa mwalo?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Panafaa."

Nikaandika: akina mama wamekubali. Sikujua bado kwamba kule kwetu magharibi, mgeni wa serikali aliyekula nyumbani mwako humwambii hapana. Na mimi wa Tabora ningepaswa kujua, maana mama yangu alikuwa hivyo hivyo.

Mitumbwi ikahamia Kwa Masudi. Mawe na mchanga wa ujenzi vikaanza kurundikwa, msingi ulikuwa uchimbwe baada ya mvua. Mimi nikachukua likizo yangu ya kwanza nikaenda nyumbani, kichwa juu kama niliyeteuliwa kuwa balozi.

Mama alinipikia dagaa wa nazi. Tonge la kwanza nikasikia kru! Nikadhani ni jiwe la mchele. Tonge la pili, kru! Mama akacheka kwa hasira.

"Hao ni dagaa wako wa Kigoma," alisema. "Nimewaosha maji saba. Siku hizi wanaanikwa wapi, barabarani? Sokoni watu wameshahamia wa Mwanza. Mimi nimewanunua kwa ajili yako tu."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwisho wa kiangazi."

Nikahesabu miezi kichwani, ikaangukia pale mitumbwi ilipohamia Kwa Masudi, na chakula kikanishinda. Mchanga laini huganda kwenye dagaa wabichi, hautoki kwa fagio wala kwa chekecho. Wale akina mama walikuwa wanapoteza wateja mmoja mmoja, soko kwa soko, kwa sababu mimi nilipenda mahali pa kukanyaga. Nilimwambia mama ukweli: aliyechagua ni mimi. Akaniangalia, akaondoa sahani. "Basi usikae hapa ukila likizo. Rudi ukawaombe radhi."

Nilirudi zikiwa zimebaki siku tisa za likizo. Bi Hidaya nilimkuta amechutama, anachekecha dagaa kwa mara ya tatu, macho mekundu kwa vumbi la mchanga.

"Shikamoo, Bi Hidaya."

"Marahaba. Umerudi mapema."

"Nimekula dagaa wako Tabora. Kwa nini hukuniambia?"

Akaweka chekecho chini. "Uliniuliza kama panafaa. Ulikuwa umeshashiba, umefurahi, kalamu iko mkononi. Ningekujibuje? Ungeniuliza pana ubaya gani, ningekuambia."

"Pana ubaya gani?"

Aliongea mpaka jua likasogea. Kisha akanipeleka ufukwe wa sita, ule niliouruka kwa dakika kumi tu. Changarawe ya kahawia, chafu machoni, inayochoma nyayo, na upepo usiotulia. Akamwaga ndoo ya dagaa wabichi juu ya vijiwe. Adhuhuri tukawafagia. Nikatafuna mmoja, nikatafuna wa pili. Hakukuwa na sauti.

Kesho yake nikasimama mbele ya Bwana Samaki wa Wilaya, nimeshika vifurushi viwili vya dagaa, cha kwanza wa Kwa Masudi, cha pili wale wa changarawe tulioanika na Bi Hidaya. Nikamwomba asimamishe ujenzi. Alivua miwani.

"Unajua unachoniomba? Niende kwa wakubwa niseme ofisi yangu haijui mchanga."

"Waambie mimi ndiye sijui, mzee. Jina langu liko chini ya ripoti."

Kazi nilikuwa bado sijathibitishwa, na angeweza kunirudisha Chemchem kwa barua ya mistari miwili. Akachukua dagaa mmoja kutoka kifurushi cha kwanza, akatafuna, akatema. Akachukua wa kifurushi cha pili, akala. Akala mwingine. Alimaliza nusu ya kifurushi cha Bi Hidaya, kisha akasema, "Andika upya. Na kwenye fomu ongeza mstari wa mchanga." Adhabu nilipata: nilisimamia mwenyewe kuhamisha yale mawe, rundo zima, na nilikosa likizo mwaka uliofuata. Nilishukuru kwa zote mbili.

Baadaye zikaja chanja, zile meza za nyavu za kuanikia juu ya ardhi, na habari ya mchanga ikapungua uzito. Mimi nikahamishiwa mkoa wetu. Isikizya, kaskazini ya Tabora mjini, nilikaa chini ya Afisa Uvuvi aliyependa vikao kuliko samaki. Lusu, wilayani Nzega, nilizunguka na wakulima kuchagua mahali pa kuchimba mabwawa ya samaki. Hapo nilikuwa na kawaida yangu: sikumuuliza mtu kama mahali panafaa. Niliuliza pana ubaya gani, na niliuliza kabla ya kula. Wazee wa Lusu waliona nina kiburi kukataa chakula mpaka kazi iishe, lakini mabwawa yao yanashika maji mpaka leo. Mama naye alirudia dagaa wa Kigoma, ingawa hakuacha kuniuliza kila akiwapika, "Hawa nao niwaoshe maji saba?"

Jambo moja sikulifanya miaka yote hiyo. Sikukanyaga tena Kwa Masudi. Kila nilipopita kwa boti nilitazama upande wa pili, na wajukuu wakiniuliza ufukwe gani mzuri kuliko yote nilijibu bila kufikiri: ule wa changarawe. Niliona ndiyo heshima.

Nilipostaafu nilipanda treni kwenda kumuaga Bi Hidaya. Amezeeka, anatembea na mkongojo, bado wanamsikiliza. Tulikula, kisha akasema twende tukapunge upepo. Akanishika mkono, tukapita chanja, tukapita changarawe, akaendelea. Nilipoona yale majabali mawili nikasimama.

"Bi Hidaya, si huku."

"Ni huku. Siku ile nilikuambia pazuri. Ulidhani nilikudanganya?"

"Ulinionea haya tu."

"Kufaa ndiko nilikokuonea haya. Uzuri niliusema kweli. Mimi mwenyewe nimeolewa kijiji hiki kwa ajili ya mchanga huu." Akanigusa mguu kwa mkongojo. "Leo huna fomu, Bibi Samaki. Vua viatu."

Nikavua. Mchanga ulikuwa vile vile, laini, wa moto kidogo juu na baridi chini. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Tuliingia majini mpaka magotini, wanawake wawili wazima na magauni yetu, na Bi Hidaya akaniuliza, "Sasa, kati ya zote saba, upi?"

"Huu," nilisema, na safari hii sikuandika popote.