Kitambaa Chekundu cha Nelius

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu bado umeikalia Kiirua, na Nelius Kagwiria ameingiza uso ndani ya mtungi ambao maziwa yake yametoka kumiminwa tangini sasa hivi. Ananusa. Anatikisa kichwa, anamimina maji moto na kuanza kusugua.

"Huu haukuoshwa jana," anasema. "Lakini mimi si mtu wa kusema tena. Mimi ni wa kuosha."

Kwa miaka kumi na minne Nelius, sasa mwenye umri wa miaka 46, alikuwa upande wa pili wa ukuta huu wa kituo cha maziwa, akipima maziwa ya wakulima wa ushirika mmoja wa hapa Buuri. Ameomba tusiutaje, maana bado anakula humo. Alipokataa maziwa, yalikataliwa, hata yawe ya mwenyekiti. Tangu Februari amekuwa kibarua wa kuosha mitungi kwa shilingi 450 kwa siku. Koti lake jeupe la upimaji linaning'inia nyumbani, limepigwa pasi.

Kisa chenyewe ni cha kitambaa.

Ng'ombe akidungwa sindano, tuseme kwa ugonjwa wa kiwele, maziwa yake hubaki na dawa kwa siku kadhaa. Vipimo vya mlangoni havioni dawa hiyo. Kwa hiyo wakulima wa hapa walikuwa na desturi yao: mwenye ng'ombe mgonjwa alifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa mtungi, akauleta hivyo hivyo. Nelius aliyamwaga maziwa shimoni mbele ya mwenyewe, na ushirika ukalipa nusu bei. Hakuna aliyeona aibu. Hasara iligawanywa, na tangi likabaki safi.

Mwaka juzi akaajiriwa meneja mpya, kijana msomi, aliyekuja na mpango wa kubana matumizi. Akakuta ushirika unalipia maziwa kisha unayamwaga. Tusimsingizie: ukiisoma kwenye karatasi, hata wewe ungecheka. Akaifuta nusu bei na kubandika tangazo kwamba maziwa ya dawa yabaki nyumbani.

"Nilimwambia, meneja, hiyo pesa si ya maziwa, ni ya ukweli," Nelius anakumbuka. "Akaniambia, 'Mama, ukweli haulipiwi.' Nikanyamaza. Hapo ndio nilikosea."

Wiki ya kwanza vilikuja vitambaa viwili. Mwezi uliofuata hakikuja hata kimoja. Nelius aliona, na anakiri kwamba aliona, maana ng'ombe wa Buuri hawawezi kupona wote kwa mpigo. Lakini vipimo vilisema maziwa ni mazuri, na kila asubuhi akaweka sahihi.

Februari, kiwanda kinachonunua maziwa kilipima tangi na kukuta dawa. Lita 3,200 zikamwagwa. Wanasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Hapa mtungi mmoja ulitosha. Kamati ilikaa kwa saa moja. Meneja alionyesha tangazo lake, kisha akaonyesha sahihi ya mpimaji.

Tulipompigia simu, meneja alijibu kwa upole. "Sisi tunafuata procedure. Aliyesaini ndiye responsible. Hatukumfuta, tulimpa kazi ingine."

Siku tatu baada ya kikao, mkulima mmoja alifika kwa Nelius jioni na kukataa chai. Tumwite Marete, kwa kuwa Nelius amekataa kata kata kututajia jina lake.

"Mama Kinya," alimwambia, kwa jina analoitwa na majirani, "yale maziwa yalikuwa yangu."

Ng'ombe wake alikuwa ametibiwa, na binti yake alikuwa anasubiri karo.

"Sikumkasirikia," Nelius anasema, kisha anajisahihisha. "Hapana, nilikasirika. Nilikasirika sana. Lakini huyo mzee alikuwa anafunga kitambaa kila mara. Kama ile nusu ingekuwako, angefunga."

Kinachomuuma zaidi si mshahara. Mwezi uliopita alipika chai ya wageni kanisani, kazi aliyoifanya kwa miaka bila mtu kumkagua. Kabla haijapelekwa, mama mmoja alimimina kidogo kwenye kikombe, akaonja, akaitikia kwa kichwa kwamba iko sawa. Nelius alirudi nyumbani kabla ya mahubiri, na anaposimulia hilo mikono yake inaacha kusugua.

Alhamisi ijayo ni mkutano wa mwaka. Nelius, naye mwanachama mwenye ng'ombe mmoja, ameandikisha hoja kwamba nusu bei irudishwe. Sheria za ushirika zinataka mwanachama mwingine asimame aiunge mkono, la sivyo hoja inaanguka. Amewaendea watu kumi na mmoja. Wote wameisifu, na wote wamekataa.

"Wanaogopa," anaeleza. "Ukisimama, watu watasema, kumbe ni huyu aliyeleta maziwa ya dawa."

Saa mbili, foleni ikipungua, anafuata mtungi wake mwenyewe alioutua nyuma ya mlango. Kwenye mkono wa mtungi kumefungwa kitambaa chekundu. Ng'ombe wake alidungwa sindano Jumatatu. Anaubeba mbele ya wenzake hadi shimoni, anamwaga lita sita, na hakuna anayemlipa chochote. Wakulima wanatazama viatu vyao.

Kwa nini asiyaache nyumbani, kama tangazo linavyosema?

"Nikiacha nyumbani, watasahau hata kitambaa kinafanana aje."

Alhamisi amepanga kuvaa koti jeupe. Akirudishiwa kazi, vizuri. Asiporudishiwa, anataka angalau hoja isomwe na ijibiwe. Marete ameahidi kuhudhuria.

"Kuja, atakuja," Nelius anasema, akilifungua fundo la kitambaa kwa meno. "Kusimama, hiyo sasa ni ya Mungu."