Zein, Marehemu wa Lewisham

Kipaji cha Zein Bakari katika uigizaji kilikuwa kimoja tu, nacho kiligunduliwa akiwa na miaka hamsini na sita: kulala chali bila kutikisika. Hata hicho, kama mtakavyoona, hakikudumu.

Alikuwa mtu wa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, na kazi yake London ilikuwa kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja huko Lewisham. Wadi mojawapo iliwahi kuongozwa na Mwairishi aitwaye Noreen, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha ghorofa nzima. Alipostaafu uuguzi hakustaafu kuamrisha. Aliongoza kikundi cha maigizo cha Waairishi, kilichoanzishwa miaka hamsini nyuma na wajenzi na wauguzi waliokuja London wakiwa vijana. Zamani walikuwa watu arobaini. Sasa walibaki tisa, na magoti mazima kati yao yalikuwa manne.

Siku moja Noreen alimfuata Zein hospitalini, akamwambia anamhitaji kwenye mchezo mpya. Zein akajua kipaji chake hatimaye kimeonekana. Tangu shule alijihesabu mwigizaji, ingawa nafasi yake kubwa kabisa ilikuwa askari wa tatu kutoka kushoto. Alikubali kabla hajauliza ataigiza nani, na kumbe ataigiza marehemu. Mchezo ulihusu familia ya Kiairishi inayokesha na maiti ya kaka yao sebuleni, jeneza likiwa wazi, ndugu wakigombana na kucheka juu yake kwa dakika arobaini. Wazee wote wa kikundi walikataa kulala humo. Kwa umri wao, walisema, hilo si jambo la kufanyia mzaha.

Mtu mwingine angeona haya. Zein alikwenda nyumbani akamtangazia mkewe: "Mimi ndiye mwenyewe. Mchezo mzima wanizunguka mimi." Na huo haukuwa uongo. Msikitini hakutangaza, maana Mwislamu aliyelazwa kwenye jeneza la Kikatoliki huku anapumua angehitaji maelezo marefu.

Aliyetaka hasa asikie habari hizo ni binti yake, Munira. Miaka saba nyuma, siku ya Idi, wageni wamejaa sebuleni, Munira wa miaka kumi na tano alipita ameziba masikio kwa muziki, akawapungia mkono tu. Zein akamgombeza mbele ya watu: "Nimezaa mtoto au nimezaa mpangaji?" Wageni walicheka. Zein aliona amesema neno la maana sana, akalirudia hata kwenye simu kwa watu wa Mombasa. Tangu siku hiyo Munira hakumwamkia tena. Aliingia na kutoka kimya, kama mpangaji mwema, na mambo yao yakawa yanapitia kwa mama yake. Zein alijua kosa ni lake. Alijua na dawa yake, neno moja tu, lakini kila alipofungua kinywa lilitoka swali kuhusu taa ya bafuni. Sasa aliamini kwamba Munira akimwona jukwaani, watu wazima wakimlilia, heshima itarudi yenyewe bila yeye kuomba radhi. Hivyo ndivyo akili yake ilivyofanya kazi.

Mazoezi yalifanyika katika ukumbi wa kanisa. Siku ya kwanza Zein alipiga chafya. Siku ya pili Fergal, fundi matofali mstaafu aliyeigiza mdogo wa marehemu, alitoa utani na marehemu akacheka. Siku ya tatu, baada ya zamu iliyoanza alfajiri, marehemu alikoroma. Noreen akasimulia jinsi makampuni ya maigizo yalivyozunguka vijijini kwao Ayalandi alipokuwa mtoto, jukwaa limepakiwa kwenye lori, mwigizaji mmoja akicheza watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyekoroma. Kisha akatoa onyo. Zein akitikisika mbele ya watazamaji, onyesho linalofuata mahali pake utawekwa mto uliovishwa kofia.

"Maiti anayeijua kazi yake hana maoni," alimwambia.

"Nimeelewa, Sista Noreen," akajibu Zein, akimwita kama walivyomwita wadini.

Ijumaa, usiku wa onyesho la kwanza, ukumbi ulijaa. Munira alikuja, kwa kusukumwa na mama yake. Zein alipakwa poda usoni, akafungwa tai, akalala. Ndugu wakagombana, Fergal akatania, marehemu hakucheka. Alijiona bingwa, akaanza kuwaza kwamba pengine hata Dublin kuna jumba kubwa la maigizo linalotafuta maiti.

Mwishoni, kwa desturi ya mikesha ya kwao, watazamaji walialikwa wapite mstari mmoja mbele ya jeneza, wamuage. Zein, amefumba macho, alisikia viatu vikipita. Wengine walinong'ona, mmoja akamgusa mkono. Kisha viatu fulani vikasimama. Havikuondoka, hata akatamani kuchungulia.

"Shikamoo, Baba," ikasema sauti ya Munira, ndogo.

Miaka saba. Zein aliukumbuka mto, akaikumbuka na kofia. Lakini mtu aliyelelewa Kibokoni hapewi shikamoo akanyamaza, awe hai, awe marehemu.

"Marahaba, mwanangu," likasema jeneza. "Nisamehe."

Mama mmoja kwenye mstari alipiga yowe. Fergal, mwenye uzoefu wa miaka hamsini jukwaani, alivua kofia, akasema kaka yake siku zote alikuwa mtu wa adabu, na ukumbi ukaangua kicheko. Zein akafumba macho tena, machozi yakichora mifereji kwenye poda.

Munira alimsubiri mlangoni. Alimweleza kwa Kiingereza kwamba hakupanga kusema chochote, ila alimwona amelala vile, akaogopa. Noreen naye alipita, akampiga Zein begani, akamwambia lilikuwa onyesho zuri, na kwamba onyo ni onyo.

Jumamosi mto uliigiza. Zein alikaa safu ya pili na binti yake. Mto haukupiga chafya wala haukucheka, na kwa dakika arobaini Zein alikiri moyoni, kwa uchungu, kwamba umemzidi kipaji. Watu walipoitwa kuaga, wawili hao waliingia kwenye mstari, Munira mbele, baba nyuma. Munira alifika kwenye jeneza, akautazama mto na kofia yake. Hakuusalimia. Akapita, akasimama kumngoja baba yake.