Mwimbaji wa Mabati ya Kutu

Ochoki anauza misumari, mabati na rangi pale Mosocho, na ukiona tumbo linavyomtangulia kwenye kaunta huwezi kuamini kwamba aliwahi kunyoa panki na kurukaruka jukwaani bila shati. Mwenyewe husema hakuwa mwimbaji kamwe. Alikuwa mtu mwenye hasira aliyepewa maikrofoni.

Bendi yao iliitwa Mabati ya Kutu. Ombui alipiga gitaa, Masese ngoma, Ochoki akapiga kelele. Ilikuwa roki ya mbio, isiyokupa nafasi ya kuuliza wanasema nini. Wimbo wao uliojulikana, kama kujulikana ndiko kule, ulikuwa "Sitaki Chai", malalamiko ya kijana wa Nyamira aliyechoka kuamshwa alfajiri aende kuchuma majani. Bendi haikumaliza mwaka. Masese aliokoka, Ombui akaitwa chuo cha ualimu, Ochoki akabaki bendi peke yake. Akanyoa kipara, akaoa.

Miaka mingi baadaye msichana aliingia dukani amevaa fulana yenye picha ya Ochoki wa enzi zile. Mokeira, mkewe, ndiye aliyeiona kwanza.

"Baba Sheila," akanong'ona, "kwani unatafutwa na polisi?"

Msichana, jina lake Linet, alikuwa anasoma chuo mjini Kisii. Alimkodolea macho Ochoki. "Ni wewe? Wa 'Sitaki Chai'?"

"Nilikuwa mimi," Ochoki akasema. "Siku hizi naitaka, tena na sukari nyingi."

Linet alimweleza kwamba mtu fulani aliziweka zile nyimbo mtandaoni, na kuna vijana wanaozijua zote. Walitaka onyesho moja tu. Ochoki alikataa kwa dakika chache, kwa adabu, kisha akauliza ni lini.

Akaanza mazoezi nyuma ya migomba. Siku ya kwanza jirani yao Jemimah alifika mbio na akina mama wawili wa kanisa, wakitaka kumwombea.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Masese alituma salamu na maombi, kwa hiyo rafiki mmoja wa Linet akapiga ngoma. Ombui alikuja na gitaa lake. Ochoki alivaa koti lake la ngozi, ambalo zipu yake haikukubali hata kujaribiwa. Ubeti wa kwanza ulitoka. Wa pili haukuja. Akafungua mdomo kama mtu anayengoja chafya.

Vijana wakaendelea bila yeye, neno kwa neno. Kuna mahali kwenye rekodi ambapo alikuwa amekohoa kwa sababu ya homa. Walipofika hapo ukumbi mzima ukakohoa. Ochoki akawaelekezea maikrofoni. Alitafuta kitu cha kujicheka, kama ilivyo desturi yake, akakikosa. Machozi ndiyo yaliyokuja. Ili wasiyaone akaruka juu, akatua kwa goti.

Wakirudi nyumbani alimuuliza Mokeira, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa ya ukumbi na mkoba wake mapajani, "Niliimba vibaya?"

"Hukuimba, Baba Sheila. Wao ndio walioimba."

"Lakini ulisimama?"

"Kila mtu alisimama. Ningeona nini nikikaa?"

Wiki nzima alihudumia wateja akichechemea. Aliyeuliza aliambiwa kwamba rundo la mabati lilimwangukia.